Mapengo katika Michoro ya Uso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi wa vyuo, wapima ardhi na maofisa kilimo wa Arusha na Moshi huuliza wanapochora nyuso za pande tatu kwa kompyuta na kukuta sehemu ya uso haipo. Majibu yanawahusu watumiaji wa Python, MATLAB, Octave na gnuplot. Chanzo cha tatizo ni kimoja katika programu zote hizi, ingawa kila moja ina tabia zake za kulionyesha.

Fomula yangu haina kosa. Kwa nini uso unatoka na tundu katikati?

Fomula inaweza kuwa sahihi na bado ikawa na mahali ambapo kompyuta haiwezi kuikokotoa. Chukua funksheni sin(r)/r, ambapo r ni umbali kutoka kitovu, yaani kipeuo cha pili cha x² + y². Kwenye karatasi tunajua kwamba kadiri r inavyokaribia sifuri, jibu linakaribia 1. Kompyuta haikaribii kitu chochote: inaweka r = 0, inapata 0/0, kisha inarudisha alama ya NaN, yaani matokeo hayo si namba. Utaratibu huo umewekwa na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho kompyuta karibu zote za leo hukifuata. Alama hiyo hiyo hupatikana ukitoa infiniti kutoka kwa infiniti, ukizidisha sifuri kwa infiniti, au ukitafuta kipeuo cha pili cha namba hasi katika NumPy, maktaba ya hesabu ya Python.

Kugawanya 1 kwa 0 ni jambo jingine, kwa sababu NumPy na MATLAB huleta infiniti badala ya NaN, ilhali Python yenyewe bila NumPy husimama na kutoa kosa. Tofauti hiyo ina uzito. Infiniti inakuambia kwamba funksheni imepaa mno. NaN haikuambii lolote isipokuwa kwamba jibu halipo.

Nukta moja tu ndiyo isiyofafanuliwa. Mbona tundu ni kubwa kuliko nukta?

Kwa sababu programu haichori nukta, inachora vipande vinavyoshikwa na nukta nne kila kimoja. Kipande ni kama turubai la shughuli lililofungwa kwenye nguzo nne: nguzo moja isipokuwepo, fundi halifungi kabisa. Nukta iliyo ndani ya gridi inashika pembe za vipande vinne, kwa hiyo kwa kawaida NaN moja inaondoa vipande vinne na kuacha tundu lenye upana wa hatua mbili za gridi kila upande. Nukta iliyo ukingoni inaondoa vipande viwili, na ya kwenye pembe ya gridi inaondoa kimoja.

Katika gridi ya nukta 21 kwa 21 kuna vipande 400, hivyo vinne ni asilimia 1 ya uso mzima, na jicho linaviona mara moja. Ukiongeza gridi hadi nukta 101 kwa 101, vipande vinakuwa 10,000 na tundu linakuwa dogo kiasi kwamba msimamizi wako anaweza asilione. Wengi huishia hapo. Hata hivyo NaN bado imo ndani ya data, na itajitokeza tena siku utakapotafuta wastani au jumla, kwa kuwa hesabu yoyote ya kawaida inayogusa NaN hutoa NaN.

Basi tundu la 0/0 lirekebishwe vipi?

Njia ninayoipendekeza ni kuandika sharti: pale r inapokuwa sifuri, toa kikomo kinachojulikana kihisabati, pengine pote, tumia fomula. Katika gnuplot sharti hilo huandikwa `(r==0) ? 1 : sin(r)/r`. Katika NumPy mtu anaweza kutumia `np.where`, lakini ajue kwamba amri hiyo hukokotoa pande zote mbili kabla ya kuchagua, kwa hiyo onyo la kugawanya kwa sifuri litaendelea kutokea ingawa matokeo ni sahihi. Kwa funksheni hii mahususi NumPy ina `np.sinc`, ila inakokotoa sin(πx)/(πx), hivyo ni lazima uigawe r kwa π kwanza.

Njia ya pili, ambayo imezoeleka sana kwa watumiaji wa MATLAB, ni kuongeza namba ndogo mno iitwayo `eps`, takriban 2.22 × 10⁻¹⁶, ili r isiwe sifuri kamwe. Kwa sin(r)/r njia hiyo inatoa 1 bila tatizo. Isichukuliwe kuwa dawa ya kila kitu. Jaribu (1 − cos r)/r², ambayo kikomo chake ni 0.5: ukiweka r sawa na `eps`, kompyuta inaona cos r kuwa 1 kamili, sehemu ya juu inakuwa sifuri, na jibu linakuwa 0. Tundu limeondoka, lakini mahali pake pamekaa shimo la uongo, ambalo ni baya zaidi kwa sababu linaonekana kama sehemu halali ya uso. Ponyo lake ni kuiandika upya fomula kuwa 2 sin²(r/2)/r², ambayo haipotezi tarakimu, kisha kuweka sharti la r = 0.

Njia ya tatu ni kuikwepa sifuri kwa kuchagua idadi shufwa ya nukta, kwa mfano 20 badala ya 21 kati ya −10 na 10, ili gridi isipite kwenye kitovu. Inafaa kwa mchoro wa haraka. Hata hivyo nukta ya juu kabisa ya uso haitachorwa, na kilele kitaonekana kimekatwa.

Kuna pia wanaokwepa sifuri bila kukusudia. Ukitengeneza gridi kwa `np.arange(-1, 1, 0.1)`, nukta ya katikati haiwi sifuri bali takriban −2.2 × 10⁻¹⁶, kwa kuwa 0.1 haiandikiki kwa ukamilifu katika mfumo wa namba mbili. Sharti lako la `r == 0` linaweza kupitwa hivyo hivyo bila wewe kujua. Tumia `linspace`, au linganisha r na kiwango kidogo ulichokichagua mwenyewe.

Je, kila 0/0 ina thamani ya kujazia?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa haraka. Funksheni xy/(x² + y²) nayo inatoa 0/0 kwenye kitovu. Ukiufuata mhimili wa x kuelekea kitovu, jibu ni 0 njia nzima; ukifuata mstari wa y = x, jibu ni 0.5 njia nzima. Hakuna namba moja inayoweza kuwekwa pale na ikawa kweli kwa pande zote. Tundu la aina hiyo liachwe, na maelezo chini ya mchoro yaseme kwa nini lipo. Kabla ya kujaza chochote, fuata angalau njia mbili tofauti kuelekea kwenye nukta uone kama zinakutana; zikitofautiana, umemaliza swali. Zikilingana bado hujathibitisha, kwa sababu huenda njia ya tatu ikaleta jibu jingine, na uthibitisho kamili hupatikana kwa kubadili fomula kuwa ya r na pembe.

Ninachora nusu tufe, na ukingo wake una meno kama msumeno. Hiyo nayo ni NaN?

Ndiyo. Funksheni √(1 − x² − y²) haina jibu halisi nje ya duara lenye nusu kipenyo cha 1, kwa hiyo nukta zote za nje zinakuwa NaN, na vipande vinavyokatiza mstari wa duara vinaachwa. Kwa kuwa gridi ni ya miraba na mpaka ni wa mviringo, meno hayakwepeki. Kuongeza nukta kunayapunguza ukubwa tu. Watumiaji wa MATLAB hukutana na sura nyingine ya tatizo hilo hilo: programu hiyo hairudishi NaN bali namba changamano, na amri ya `surf` inakataa kuchora.

Suluhisho ni kuacha gridi ya x na y na kutumia gridi inayolingana na umbo lenyewe. Tengeneza nukta kwa r kuanzia 0 hadi 1 na pembe kuanzia 0 hadi 2π, kisha weka x = r cos θ, y = r sin θ, na z = √(1 − r²). Ukingo utakuwa laini kwa sababu safu ya mwisho ya nukta inakaa juu ya mpaka wenyewe. Uso utapendeza zaidi ukiigawa pembe ya kutoka kileleni badala ya r, maana karibu na ukingo z inashuka kwa kasi na hatua zilizo sawa za r huacha vipande virefu.

Angalizo moja: z ikokotolewe kutokana na r, isikokotolewe upya kutokana na x² + y². Ukiikokotoa upya, makadirio ya tarakimu za mwisho yanaweza kutoa 1.0000000000000002, na ndani ya kipeuo ikabaki namba hasi ndogo mno inayotoboa ukingo matundu hapa na pale bila mpangilio. Hapo inaruhusiwa kuweka `max(0, …)` ndani ya kipeuo, kwa kuwa unajua kihisabati kwamba namba hiyo haiwezi kuwa hasi. Hali kama hiyo huipata `arccos` inapopewa namba iliyozidi 1 kwa punje.

Nimepakua data za urefu wa Mlima Meru. Badala ya tundu ninaona kisima kinachoshuka kilomita nyingi chini ya ardhi. Nini kimetokea?

Huenda data zako ni za SRTM, yaani vipimo vya urefu wa ardhi vilivyokusanywa kwa rada kutoka kwenye chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Mahali ambapo rada haikupata jibu, kwa mfano nyuma ya kuta kali za milima au juu ya maji, faili la awali liliandikwa −32768, ambayo ni namba ndogo kuliko zote zinazoweza kukaa kwenye biti 16 zenye alama. Programu ya kuchora haijui kwamba hiyo ni ishara. Inaichora kama urefu wa mita 32,768 chini ya usawa wa bahari, na Meru yenye mita 4,566 inabaki kijikunjo kisichoonekana juu ya kisima hicho.

Badilisha ishara hiyo iwe NaN kabla ya kuchora, ukianza kwa kuigeuza safu nzima kuwa namba za desimali, kwa kuwa namba kamili za biti 16 hazina nafasi ya kuhifadhi NaN. Katika gnuplot inatosha kuandika `using 1:2:($3==-32768 ? NaN : $3)`. Hakikisha pia umechukua faili sahihi: majina hufuata pembe ya kusini-magharibi ya kila mraba wa nyuzi moja, kwa hiyo Meru na mji wa Arusha wamo katika S04E036, ilhali Kibo na mji wa Moshi wamo katika S04E037. Faili la sekunde 3 za tao lina nukta 1,201 kwa 1,201, zinazoachana kwa takriban mita 90. Matoleo ya baadaye yamejazwa, hivyo soma maelezo ya toleo ulilonalo kabla ya kudhani kwamba kila nukta imepimwa na rada.

Data za vituo vya mvua na sampuli za udongo zina ishara zao, mara nyingi −999, 9999 au nukta tupu. Tazama thamani ndogo na kubwa kabisa ya faili lako kabla ya kuchora. Ni kazi ya nusu dakika.

Mapengo ya vipimo nijaze kwa njia gani?

Jibu linategemea pengo liko wapi na lina ukubwa gani kuliko linavyotegemea jina la njia. Pengo la nukta mbili tatu kwenye tambarare za Sanya linaweza kujazwa kwa njia yoyote ya busara na hakuna atakayedhurika: intapolesheni ya mstari (kukadiria thamani kwa mstari ulionyooka kati ya nukta zinazojulikana), wastani wenye uzito unaopungua kwa umbali kama ule wa `gdal_fillnodata`, au hata thamani ya jirani wa karibu. Pengo la ukubwa huo huo kwenye ukuta wa kasoko ya Meru ni habari nyingine, kwa kuwa nukta mbili za jirani zinaweza kutofautiana kwa mamia ya mita.

Intapolesheni ya mstari haiwezi kutoa thamani iliyo juu ya nukta ya juu kabisa inayolizunguka pengo. Pengo likikalia kilele, mlima unakatwa: Kibo haitafika mita 5,895 kwa njia hiyo hata ufanyeje. Njia za mkunjo laini zinaweza kupanda juu ya majirani, lakini zinaweza pia kupanda kupita kiasi, au kushuka na kuchimba bonde ambalo halipo. Kwa vilele na kuta kali, ninashauri usikadirie kabisa. Chukua vipimo kutoka chanzo kingine, kisha ulinganishe vyanzo viwili pale vinapopishana. Kama chanzo kimoja kinapima urefu kutoka usawa wa bahari na kingine kutoka duaradufu la GPS, kiraka chako kitakuwa na ngazi kuzunguka ukingo wake mzima, na tofauti hiyo iondolewe kabla ya kukishona.

Jambo jingine linalopitwa ni kwamba baadhi ya amri hazijui kwamba unashughulika na uso. `fillmissing` ya MATLAB na `interpolate` ya pandas, zisipoelekezwa vingine, hujaza kila safu wima peke yake bila kuitazama safu ya pembeni, na matokeo yake ni michirizi sambamba inayokatiza pengo. Kwa uso tumia njia ya pande mbili, kama `griddata`. Nayo kwa njia ya mstari hujaza tu ndani ya eneo lililozungukwa na vipimo. Nje yake inaacha NaN, na kwa maoni yangu inafanya vyema.

Nasema hivyo kwa sababu ya mvua. Vituo vingi vya kupimia mvua viko kwenye makazi ya watu, chini ya mlima. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mvua huongezeka unapopanda kutoka Moshi hadi ndani ya msitu, kwenye mita 2,000 na kidogo zaidi, kisha hupungua sana kuelekea kileleni, ambako ni jangwa la mawe na barafu. Mtu mwenye vituo vya Moshi na vya vijiji vya juu pekee, akiuendeleza mwelekeo huo hadi juu, atachora mvua kubwa kuliko zote mahali penye mvua ndogo. Uso utakuwa mzima na laini, na hautakuwa wa kweli. Heri pengo.

Kwa nini nisiweke sifuri tu?

Sifuri ni kipimo. Kwenye urefu ni usawa wa bahari, kwenye mvua ni siku kavu, na kwenye mbolea ya udongo ni shamba lililochoka. Msomaji hana njia ya kuitofautisha sifuri yako na sifuri iliyopimwa.

Nilifuta mistari yote yenye thamani zilizokosekana, na sasa uso wote umevurugika.

Uso unahitaji gridi kamili: kila safu iwe na idadi sawa ya nukta. Ukifuta mstari mmoja kwenye faili, nukta zinazofuata zinasogea na kukaa kwenye nafasi isiyo yao, au programu inakataa kuunganisha safu. Katika gnuplot mstari mtupu ndio unaotenganisha safu moja na nyingine, kwa hiyo ukifuta hata mistari hiyo mitupu, umefuta gridi yenyewe. Rudisha mistari, weka NaN mahali pa thamani, na uache x na y zikiwa zimejaa. Kama vipimo vyako havikuwa kwenye gridi tangu mwanzo, kwa mfano sampuli za udongo zilizochukuliwa pale mfereji na migomba iliporuhusu, tengeneza gridi kwanza kwa `griddata` au kwa `set dgrid3d` ya gnuplot.

Nimeandika sharti la kutafuta thamani zilizo sawa na NaN, lakini halipati hata moja.

NaN haiwi sawa na kitu chochote, hata na NaN nyingine. Ndivyo kiwango cha IEEE 754 kinavyoagiza. Tumia `isnan`.

Uso umechorwa, lakini rangi zimepotea, au matundu yameongezeka baada ya kulainisha.

Mizani ya rangi hutokana na thamani ndogo na kubwa kabisa. Ukizitafuta mwenyewe kwa `np.min` kwenye data zenye NaN, utapata NaN, na mizani haitakuwa na mwanzo wala mwisho, tumia `np.nanmin` na `np.nanmax`. Kuhusu kulainisha, wastani wa dirisha la nukta 3 kwa 3 hugeuza NaN moja kuwa tisa, na ukilainisha mara mbili zinakuwa 25. Jaza kwanza, lainisha baadaye, kisha zirudishe NaN pale ambapo hukutaka kujaza.

Watumiaji wa Matplotlib wakumbuke pia kwamba `plot_surface`, isipoelekezwa vingine, hupunguza uso hadi vipande 50 kwa kila upande. Kwa faili la nukta 1,201 hiyo ina maana kwamba nukta nyingi hazichorwi kabisa, na pengo dogo linaweza kutoweka kwenye picha huku likiwa bado limo kwenye data. Badilisha `rcount` na `ccount` kabla ya kuamua kama kujaza kumefaulu.

Je, kuna wakati inafaa kuweka pengo kwa makusudi?

Upo, na ni mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Ukichora tan x au 1/x kwenye gridi isiyopita penye mpasuko, hakuna NaN inayotokea. Badala yake programu inaunganisha thamani kubwa chanya na kubwa hasi kwa ukuta wima ambao haumo kwenye funksheni. Weka NaN kila mahali ambapo thamani inazidi kiwango fulani, na ukuta utaondoka. Vivyo hivyo, ramani ya rutuba ya udongo isipite juu ya ziwa wala kuvuka mpaka wa shamba lililopimwa.

Kwenye skrini uso ni mzima, lakini kwenye PDF naona mistari myembamba myeupe kila mahali. Nitafute NaN wapi?

Usitafute, haimo. Mistari hiyo hutokana na jinsi kisoma-PDF kinavyolainisha kingo za vipande vilivyopakana, na mara nyingi hubadilika unapoivuta picha karibu. Zipe kingo rangi ile ile ya vipande vyake, au uhifadhi uso kama picha ya pikseli ndani ya PDF ukiacha maandishi na mihimili kama yalivyo.